Mashine Ndani ya Tembe la Bibi

Kizota, Dodoma
10 Januari 2000

Kwako mtani wangu Anjelina,

Mbukwa! Najua huko Dar es Salaam umeshasahau salamu za watu, lakini itikia hivyo hivyo. Mimi ni mzima, bibi ni mzima, na mbwa wa mtaani kwetu wamenenepa tangu ulipomaliza kozi yetu ya kompyuta ukaondoka. Kumbe Mhehe mmoja tu, mla mbwa, alikuwa anawanyima usingizi.

Sasa sikia. Baba mdogo Sostenes amejenga fremu ya duka mbele ya nyumba yake, bati jipya, mlango wa chuma, na amekubali niitumie kufungua chumba cha gemu za kompyuta. Sharti lake ni moja. Mpaka Pasaka mashine iwe inafanya kazi na wateja wawe wameonekana. Ikishindikana, fremu anampa Shaaban afungue bucha, na mimi narudi Kibakwe kwa wazazi kupalilia vitunguu. Sina ugomvi na vitunguu, Anjelina. Lakini kompyuta ndiyo kitu pekee nilichowahi kukipenda mpaka nikasahau kula, na kule kwetu umeme haujafika.

Fedha niliyonayo ni ya mashine moja, basi. Gemu zenyewe ni za mpira na za magari, zile ambazo kwenye kompyuta za kozini mchezaji alikuwa anakimbia kama mtu mwenye mwiba mguuni. Nataka mashine isiyokwama. Nasikia kuna ujanja wa kuikimbiza mashine ya bei ndogo ikafikia ya bei kubwa. Wewe unauza vipuri, unajua. Hapa mjini yupo Raphael, anauza vipuri vya kompyuta ambazo maofisi walizitoa kwa hofu ya mwaka elfu mbili. Niambie nichukue nini.

Na nakuomba, safari hii usinitanie. Sijasahau uliponituma famasi kuulizia dawa ya virusi vya kompyuta, nami nikaenda.

Mtani wako,
Sila Chidawali


Kariakoo, Dar es Salaam
18 Januari 2000

Mtani Sila, mla mlenda,

Kamwene! Barua yako niliisoma dukani nikacheka mpaka tajiri wangu akaniuliza kama nimepata urithi. Pole kwa famasi. Mimi sikujua kama ungekwenda. Nilijua tu baada ya kuona umerudi na dawa ya minyoo.

Haya, kazi. Chukua prosesa ya Celeron ya 300. Najua Raphael atakuonyesha Pentium ya 333 na kuisifia sana, iache. Hiyo ndogo ukiikimbiza itaipita. Prosesa inafuata mdundo wa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na kuuzidisha, na kizidisho chake kimefungwa kiwandani, hakiguswi. Hii Celeron inazidisha mara nne na nusu. Mazabodi ikidunda 66, unapata 300. Ukiilazimisha idunde 100, unapata 450, na hujaongeza hata shilingi. Kwa hiyo mazabodi iwe inayokubali 100, na RAM pia iwe ya 100, maana ya 66 itakuachia njiani.

Kadi ya picha nunua nzuri kuliko unavyodhani unahitaji. Kasha nunua baya kuliko yote dukani, hakuna mtu anayekuja kucheza kasha. Pawasaplai ya umeme iwe nzito mkononi. Nyepesi ni ya kudanganyia watu. Feni iwe kubwa, kwa sababu kitu kinachokimbizwa kinapata joto, hata mbuzi wenu wanalijua hilo.

Nisalimie bibi. Mwambie mjukuu wake bado anadaiwa akili na Wahehe.

Anjelina Kihwele


Kizota
31 Januari 2000

Mtani Anjelina,

Nimenunua! Vyote kama ulivyosema. Mazabodi inakubali 100, RAM ni ya 100, pawasaplai nzito kama jiwe la kusagia. Kasha ni baya mno, baba mdogo alidhani nimeleta mzinga wa nyuki. Kadi ya picha imekula fedha nyingi, lakini nimekutii.

Tatizo ni moja dogo. Kwenye 66 inawaka vizuri kabisa. Nikipandisha mdundo hadi 100, kioo kinaandika 500 kwa herufi nyeupe, halafu kinakuwa cheusi na hakuna kinachosogea mpaka nizime. Nimerudia na kurudia. Labda ni feni? Labda ni umeme wa Kizota? Na ikikaa kwenye 66 gemu ya mpira inakwama vilevile, kipa anadaka mpira ambao umeshaingia.

Jibu haraka. Baba mdogo amepita mara mbili akiuliza kama kioo kinatakiwa kuwa cheusi.

Sila


Kariakoo
7 Februari 2000

Sila,

Mia mara nne na nusu ni mia nne na hamsini. Ni hivyo Dar, ni hivyo Iringa, na nadhani hata Kizota. Ili kioo kiandike 500 lazima prosesa iwe inazidisha mara tano, na inayozidisha mara tano ni ile Pentium ya 333 niliyokuambia uiache. Hiyo kuipeleka 500 ni kumtaka bibi yako akimbie na mbuzi mgongoni.

Ulidhani nakutania, siyo? Ukaona haiwezekani namba ndogo iishinde kubwa, ukasema huyu Mhehe ananituma famasi tena. Nilikasirika, na wewe unaijua hasira ya kwetu. Halafu nikakumbuka ile dawa ya minyoo, hasira ikaisha yenyewe.

Sasa usilie. Tajiri wangu ana wateja wa maofisini ambao hawaulizi kitu zaidi ya jina la Pentium. Yuko tayari tubadilishane, akupe Celeron ya 300, na feni kubwa juu yake. Ifunge hiyo yako kwa sponji na boksi gumu, mpe kondakta wa basi, nitaipokea.

Na tuwekeane makubaliano, maana utani wetu utakurudisha kwenye vitunguu. Nikiwa nasema kweli tupu nitatanguliza maneno mawili: Bila utani. Usipoyaona, cheka uendelee na safari yako. Na wewe ufanye hivyo hivyo.

Tuanze. Bila utani: usinifiche tena. Siwezi kuitibu mashine kama sijaambiwa ni ipi.

Anjelina


Kizota
24 Februari 2000

Mtani wangu,

Bila utani: niliona aibu. Na Raphael alikuwa amelifuta vumbi lile boksi la Pentium vizuri sana.

Celeron imefika salama. Nimeifunga, nikapandisha mdundo hadi 100, nikafumba macho. Nilipofumbua, kioo kimeandika 450! Nilipiga kelele bibi akatoka na fimbo akidhani nyoka. Gemu ya mpira sasa inateleza. Mchezaji anapiga chenga, nyasi zinaonekana, hata kivuli chake kinamfuata. Zablon dereva wa lori, anayepeleka mahindi ya Kibaigwa, alikaa hapo mpaka utingo wake akaja kumtafuta.

Lakini hiyo ni asubuhi. Ikifika mchana bati likianza kulia kwa joto, mashine inaganda. Mchezaji anabaki mguu juu, mpira hewani, kipa amelala. Nimefungua ubavu wa kasha, nimeelekeza feni ya mezani, bado. Ndani ya fremu pale mchana hata mimi nagandaganda.

Na jana ndiyo baba mdogo akaja, tena mchana, tena na Shaaban. Wakamkuta yule mchezaji na mguu wake juu. Baba mdogo akatikisa kichwa. Shaaban alikuwa anaangalia mbao za paa akitafuta pa kufungia ndoana za nyama.

Nisaidie, Anjelina. Nimeanza kuota vitunguu.

Sila


Kariakoo
1 Machi 2000

Mtani,

Hongera kwa 450! Nilimwonyesha tajiri barua, akasema wewe ni Mgogo wa kwanza yeye kumsikia akipiga kelele kwa furaha wakati mvua hainyeshi.

Bila utani: ondoa feni, futa prosesa, kisha paka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Kidogo tu, kiasi cha punje ya uwele. Bila utani: panga maboksi chini ya lile bati upate dari.

Ikishindikana yote, si mnalo lile tembe la udongo la bibi yako nyuma ya nyumba? Ihamishie humo ikalale na mbuzi. Itapoa mpaka iombe blanketi! Nawaona wateja wanavyoinama mlangoni, mmoja anacheza mpira, beberu ndiye refa. Na mimi nikija kutembea nitakaa hapo mlangoni nikusanye viingilio. Au nikae kabisa, nijifunze kupika huo mlenda wenu, kwa kuwa naona hakuna mwingine atakayekuja kukupikia.

Haya, wateja wameingia. Wanataka Pentium.

Anjelina


Kariakoo
9 Machi 2000

Sila,

Sijangoja jibu lako. Tangu nilipopeleka ile barua posta sina raha, kwa sababu nimegundua kitu kuhusu wewe. Nikisema kweli unacheka, nikicheka unatii.

Bila utani: usiipeleke mashine kwenye tembe! Paa la udongo linadondosha vumbi, na feni zitalivuta lote mpaka kwenye kadi ya picha. Ulikuwa mzaha, mtu wa Mungu. Sikuweka yale maneno mawili mbele.

Bila utani: shusha mdundo hadi 83. Utapata kama 375. Gemu zitakwama kidogo, lakini mashine haitaganda, na huenda baba mdogo akaridhika. Najua siyo ulichokitaka. Ninaumia kama wewe.

Anjelina


Kizota
9 Machi 2000

Daktari wangu wa mashine,

Ile ya tembe umeipatia! Umejuaje?

Nilipaka dawa upya, nikapanga maboksi. Ikachelewa kuganda kidogo, lakini ikaganda. Basi nikarudia barua yako. Kweli, mbele ya neno tembe hukuweka Bila utani. Lakini nikajiambia, mara ya mwisho nilipoamua mwenyewe lipi ni utani na lipi ni kweli, niliishia na 333. Nikaenda kwa bibi.

Bibi alisikiliza yote akauliza kitu kimoja, hiyo mashine inakojoa? Nikasema hapana. Akasema basi ina adabu kuliko mbuzi, iingie. Mbuzi wamesogezwa chumba cha pili. Akanionya mwenyewe kuhusu paa: udongo unadondoka hata kwenye uji, alisema. Tukafunga turubai la Zablon chini ya miti ya paa, chumba kizima. Sakafu tumeimwagia maji na kuishindilia. Na pale feni inapovuta hewa nimevisha soksi nyembamba ya kwaya ya bibi, naifua jioni. Waya wa umeme umetoka nyumba kubwa, kaufunga fundi anayejua kazi.

Anjelina, zile kuta nene, na lile paa la udongo! Mchana wa jana bati la fremu lililia kama kawaida, sisi humo ndani tukacheza tu. Kutwa nzima kwenye 450. Nimeweka mkono juu ya kasha, limepoa kama mtungi. Wahehe mnalicheka tembe letu miaka yote, kumbe mlikuwa mnalionea wivu.

Bado baba mdogo hajaona. Yeye anataka chumba chenye mlango wa chuma, na huku watu wanaingia kwa kuinama. Niombee.

Sila


Kizota
26 Machi 2000

Kwa Anjelina wa Uhehe,

Mbukwa. Mimi ni bibi yake Sila, mama yake Sostenes. Anayeandika ni Zipora wa kwaya. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba.

Barua yako ya kukataza ilifika, ile ya vumbi. Sila aliogopa akafungua mashine tukatazama wote. Vumbi lilikuwa kwenye soksi, ndani hamna. Kwa hiyo tulia.

Hili tembe Sostenes alitaka kulibomoa baada ya Pasaka. Anasema linamwaibisha, wageni wa Bunge wanapita barabarani wanaliona. Nilizaa watoto wangu wote humu. Yeye mwenyewe nilimzaa humu. Kila mwaka kabla ya mvua nalikandika kwa mikono yangu, na hajatokea mtu wa kulisifu mpaka wewe, tena mtani. Sasa vijana wanapiga foleni mlangoni pangu na kunipa shikamoo mpaka nachoka kuitikia. Nakushukuru.

Lakini nina swali. Sila hunisomea barua zako kwa sauti. Ile ya tembe kuna mahali alifika akakohoa, akaruka. Mimi ni mzee, siyo kiziwi. Alipotoka nikamwita Zipora anisomee. Ni pale unaposema uje ukae kabisa, ujifunze kupika mlenda.

Naambiwa mna maneno mnayotanguliza mkisema kweli. Hapo hukuyatanguliza. Lakini na kwenye tembe hukuyatanguliza, na tembe limekuwa kweli.

Nijibu mimi, siyo yeye. Kwa umri wangu siwezi kungoja sana.

Bibi


Kizota
5 Aprili 2000

Mtani Anjelina,

Keti kwanza ndipo usome.

Baba mdogo amekuja. Alisimama nje ya tembe kwa suti yake ya kazini, akasema hawezi kuinama, akainama. Ilikuwa mchana, bati linalia, humo ndani watu wamejaa na hakuna aliyetoka jasho. Akatazama kioo akingoja mchezaji agande. Hakuganda. Akangoja tena. Mwishowe akamwomba Zablon ampishe "ajaribu kidogo." Alifungwa mabao sita na mwalimu wa kwaya, akadai marudiano, na bibi akaja kumwambia chakula chake kimepoa.

Jioni akatuita. Fremu anampa Shaaban, afungue bucha. Halafu akasema, na mimi nibaki na tembe, halibomolewi, ila nipake chokaa mlangoni ili ijulikane ni biashara. Alikuwa anamtazama bibi, siyo mimi, na sauti yake haikuwa ya ofisini. Bibi alichukua beseni akaenda kukanda udongo wa kuziba pembe ya paa, saa hiyo hiyo.

Sirudi Kibakwe! Vitunguu vitanisamehe. Na Shaaban ameshaanza kuuliza kama wateja wangu wanapenda mishikaki.

Kuna jambo jingine nilitaka kuliandika. Nimelianza kwenye karatasi nyingine nikaichana, na nyingine. Bibi ananiangalia anacheka peke yake, sijui ana nini siku hizi. Basi niandike hivi.

Bila utani: njoo Pasaka. Mashine itafurahi kukuona.

Sila


Kariakoo
13 Aprili 2000

Mtani wangu Sila,

Kamwene! Mabao sita! Mpe baba mdogo shikamoo yangu na pole yangu, vyote kwa pamoja. Nimemsomea tajiri barua nzima. Ameniuliza kama tembe linaweza kuuzwa kwa vipande, aweke moja kwenye dirisha la duka.

Nimefurahi mpaka machozi yalinitoka, hilo nalisema bila kusingizia vumbi. Nilikuwa nimeshakuona mashambani na jembe, nikawa najilaumu kwamba mzaha wangu ndio umekupeleka. Hata hivyo usivimbe kichwa. Umefaulu kwa kuamini mzaha, jambo ambalo Mgogo pekee angelifanya, na soksi ya kwaya ningeiomba msamaha kama ningekuwa wewe.

Unasema bibi anacheka peke yake. Mimi nimeshamjibu alichoniuliza. Muulize nilimwambia nini. Nadhani atakohoa, kisha ataruka.

Nikija nataka mambo haya yawe tayari. Mlenda usiwe na mchanga. Mbwa wa mtaani wafungwe, kwa usalama wao. Yule beberu refa atengwe na wenzake aanze kunenepeshwa, kwa sababu wajomba zangu wa Iringa wakipanda kuja huko kuzungumza na baba mdogo hawatapanda kwa ajili ya mbuzi mmoja, na wataanza hesabu kwa huyo.

Ile ya kukaa kabisa niliiandika bila yale maneno mawili kwa sababu niliogopa. Mtani akikataliwa anacheka, watu wanasahau. Nilitaka mlango wa kutokea. Sasa nimeona wewe nawe umeificha yako nyuma ya mashine, na mtu mmoja kati yetu ni lazima ainame kwanza ndipo aingie.

Bila utani: nakuja Jumamosi ya Pasaka. Na siifuati mashine.

Anjelina